Taa Hazina Kosa

Jumamosi, 7 Juni 2025

Nimebadilisha taa tena. Mara ya tatu tangu Pasaka. Hosea, fundi wangu wa Pasua, amezifunga huku akinicheka. Anasema taa hizi zinaivisha ndizi zikiwa bado mgombani. Akaielekeza gari ukutani, akawasha, akasema haya, tazama mwenyewe. Katikati kweupe kabisa. Pembeni giza. Nikamwambia pembeni hazifiki. Akaenda kusimama mwisho wa ukuta, akanyoosha mkono — mbona hapa nilipo kuna mwanga? Fundi akishafunga kitu hakubali kosa.

Lakini gari imetulia. Impreza yangu, mwaka wa kumi sasa. Springi fupi, rimu kumi na saba, ekzosi inayonguruma kwa heshima, si makelele ya vijana. Daftari hili nililinunua la kuandika oili na plagi. Siku hizi naandika mambo yangu humu. Hakuna mtu anayefungua daftari la oili.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada tumepanda Old Moshi kwa wazazi. Baridi, mlima hauonekani. Barabara ile naijua kuliko Baba Yetu. Gia ya tatu mpaka kanisani, ya pili kwenye kona, unaacha turbo ivute, unatoka. Pale konani huwa nasahau kwamba nina miaka arobaini na moja na duka la dawa za mifugo. Yuditha, mke wangu, hushika mpini wa mlango na kusali kimoyomoyo. Stella wetu, miaka kumi na mmoja, yuko nyuma anacheka.

Mtori bakulini haujapoa, mama akaanza. Mama Elinipendo, jirani yao, amelalamika. Alhamisi nilimpita ana mzigo wa majani kichwani, akaniita kwa jina, sikumsalimia. Mzee Tito naye, wiki iliyopita. Wanasema Eliezeri gari imempa kichwa. Huku juu kumpita mtu bila salamu ni kama umemtukania wazazi. Nikasema sikumwona. Mama akasema mtu mwenye mzigo wa majani ni mkubwa kuliko ng'ombe, humwoni vipi?

Nimekasirika mpaka sasa. Kweli sikumwona.

Baba alikuwa kwenye kiti chake. Haoni, mwaka wa kumi na tano huu. Aliacha kula, akauliza Mama Elinipendo alikuwa upande gani wa barabara. Mama akamwambia salamu haina upande.

Jumanne, 10 Juni

Nimetoa tinti madirisha yote. Nimeagiza vioo vya pembeni vipana. Kiti nimekiinua. Hosea anauliza kwa nini naharibu gari nzuri, sasa imekaa kama ya mchungaji. Nimemwambia ndiyo mtindo.

Jumapili, 22 Juni

Tumetoka na kundi letu, magari sita, kupitia Rau halafu juu. Nilikuwa wa tatu. Mambo yote sawa. Mara Thadeus akanipita kulia, yule daktari wa meno mwenye gari ya bluu. Sikumwona akija. Alitokea tu! Nikakanyaga breki, wa nyuma yangu akakwepa hadi kwenye nyasi.

Tulipofika wakacheka. Eti nimekuwa mzee wa kanisa, sasa naogopa kupitwa. Thadeus hakucheka. Alinivuta kando. Anasema alipiga honi, akawasha taa, akawa ubavuni mwangu muda mrefu tu. Akauliza nimepima macho lini. Nikamwambia nasoma maandishi ya chupa za chanjo bila miwani. Ni kweli, nayasoma.

Nimerudi nyumbani sina raha. Gari imekwenda vizuri kuliko siku zote na mimi sina raha.

Alhamisi, 3 Julai

Hospitali. Sikumwambia mtu.

Ubao wa herufi nimeusoma hadi mstari wa mwisho. Nikajiona mshindi. Halafu wakaniweka kwenye mashine iliyo kama bakuli — kidevu hapa, tazama katikati, bonyeza kila ukiona nukta ya mwanga. Nikabonyeza mara chache. Kisha nikasubiri nukta ziendelee. Nikasubiri sana. Nesi akasema, baba, jicho hilo tumemaliza. Mimi nilidhani mashine imekwama.

Presha ya macho. Daktari, dada mpole, alinionyesha karatasi. Doa jeupe katikati, kuzunguka kote kweusi. Nikasema kama kuchungulia ndani ya ekzosi. Hakucheka. Kilichokufa hakirudi, anasema. Matone kila jioni maisha yote, ili kulinda kilichobaki. Akauliza kama naendesha. Nikasema kidogo. Kidogo! Akasema usiendeshe tena. Akauliza kama nyumbani kuna mwenye tatizo hili. Nikasema baba haoni, ila ule ni uzee. Alianza ana miaka mingapi? Hamsini na kitu. Akaandika kwenye faili langu.

Taa za Hosea hazikuwa na kosa. Vioo havikuwa na kosa, wala tinti. Nimetengeneza gari tangu Pasaka, na mbovu nilikuwa mimi.

Nimerudi nikiendesha mwenyewe.

Ijumaa, 4 Julai

Dawa inataka baridi. Nikiiweka nyumbani Yuditha ataiona. Nimeiweka friji ya dukani, nyuma ya chanjo za kuku. Jioni nafunga mlango, nainua kichwa, tone moja kila jicho. Inachoma. Halafu napanda gari kwenda nyumbani, polepole, barabara naijua. Nimejiwekea sharti: nikiona hali inabadilika, naacha.

Mtu asiyeona ataonaje kwamba haoni? Sharti la kijinga. Lakini ndilo nililonalo.

Jumatano, 16 Julai

Nilikwenda kwa wateja, Yuditha akabaki dukani. Akanipigia. Hiki kichupa kidogo kwenye friji kisicho na bei ni cha nini? Nikasema dawa ya macho ya ng'ombe. Nikaona nimejibu vizuri.

Niliporudi friji haina kichupa. Amemuuzia Dominika wa Kibosho, ndama wake anatoka machozi. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye gunia la pumba. Halafu kicheko kikageuka, nikashindwa kukizuia. Yuditha akaja, akaniwekea mkono begani, akauliza nina nini. Nikasema mafua.

Ningesema pale. Mkono wake ulikuwa begani.

Alhamisi, 24 Julai

Dominika amepita kushukuru. Ndama ana macho mazuri sasa. Anataka chupa ya pili.

Jumamosi, 2 Agosti

Niandike yote leo.

Nilikuwa napeleka chanjo Old Moshi, peke yangu, saa nne asubuhi. Mwendo wa kawaida. Chini ya shule nikasikia kitu kimegonga upande wa kushoto. Kioo cha pembeni kimejikunja. Nikasimama. Nyuma yangu mwanamke amekaa mtaroni, ndoo yake imelala, maziwa yanateremka barabarani. Ni Magreth, mjane jirani wa wazazi wangu. Alikuwa anapeleka maziwa ya asubuhi. Amekishika kiwiko.

Nilimkimbilia nikiwa na maneno yote mdomoni. Akatangulia yeye, kwa heshima kama anaongea na mzee.

"Samahani, mbe. Nimetembea vibaya."

Watu wakafika. Wakamgombeza yeye. Gari yenye ngurumo ile, mama, ulikosaje kuisikia? Alikuwa pembeni kabisa, kwenye majani. Alama za ndala zake niliziona kwenye tope, na hazikugusa lami. Na mimi nikasema nini? Nikasema haidhuru.

Haidhuru. Nimemsamehe mtu niliyemgonga.

Nilimpeleka zahanati. Mkono haukuvunjika, umevimba. Njiani alikaa wima, hakutaka kuegemea kiti asije akakichafua. Akasema gari ina joto zuri. Nilitamani anitukane. Naona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata utotoni nilipoiba sadaka.

Jumatatu, 4 Agosti

Hosea amenyoosha kioo. Hakuuliza kitu, na Hosea huuliza kila kitu.

Nimemwandikia Yuditha ujumbe mara tatu. Nimefuta mara tatu. Nikiiacha gari nabaki nani? Muuza dawa za minyoo anayepelekwa na mkewe. Nimeyaandika haya nikayasoma tena. Ni maneno ya mtoto. Lakini ndiyo yaliyonifunga mdomo, si kitu kingine.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika nimeegemea buti, nje kwa wazazi. Nimewaambia naandika kilomita.

Tulipopanda asubuhi nilikwenda mwendo wa maiti. Baada ya chakula baba akasema nimpeleke kihambani akanyooshe miguu. Nikamshika mkono, au yeye alinishika mimi, kwa sababu njia ya migombani anaijua kwa nyayo. Tulipofika mbali na nyumba akasimama. Akasema Magreth alikuja kumsalimia. Hakuja kushtaki. Alikuja kuomba radhi tena, kwamba alimharibia mtoto wa watu kioo.

"Kona ya kanisani siku hizi unashika breki mapema," akasema. "Zamani uliiachia. Nakusikia toka hapa."

Nikasema ni breki mpya.

"Eliezeri. Hata mimi walisema nina majivuno. Wazee wa kanisa waliniita kabisa, kwamba nawapita watu bila salamu. Nikasimama mbele yao nikaomba msamaha wa kiburi. Kilikuwa chepesi kuliko kusema sioni."

Nikamuuliza alificha muda gani.

"Miaka miwili. Mama yako alijua siku nilipompita yeye mwenyewe sokoni. Alilia, akidhani nimemchoka."

Nimeishi na hadithi ya baba miaka yote hii, na hii sikuwahi kuisikia. Akasema nimwambie Yuditha leo. Yeye hatamwambia, mdomo ni wangu. Nikasema ndiyo, baba. Nilisema kwa moyo wote.

Tukarudi. Yuditha alikuwa anasuuza vyombo nyuma ya jiko. Nikasimama karibu yake. Nikamwita, Mama Stella. Akageuka, mikono ina povu, akasema nini Baba Stella. Nikasema tuondoke mapema, ukungu unashuka.

Hivyo tu. Mdomo ulifunguka, ukatoa ukungu.

Yuditha ana leseni. Kirikuu ya dukani, kigari cha mizigo, anaiendesha kila siku na hajawahi kugusa hata kuku. Hii yangu sijawahi kumpa, nilimwambia klachi yake ina wenyewe. Ufunguo uko mkononi mwangu. Kumpa si kazi. Hatua nne kutoka hapa nilipo.

Lakini yeye kakaa nyuma. Siti ya mbele kampa Stella. Kumbe yeye na mama wamepanga wakati wa kuosha vyombo: mtoto akae mbele, amkumbushe baba yake salamu, maneno ya kijiji yaishe. Stella amefunga mkanda, ameshusha kioo, amejisogeza kwenye ukingo wa kiti. Ameshaniambia utaratibu. Akisema kushoto, napunga kushoto. Akisema shikamoo, napunguza mwendo kabisa na kusema shikamoo.

Na itawezekana. Hilo ndilo linaloniogopesha. Anaona kila kitu mtoto huyu. Kwa macho yake naweza kuendesha mwaka mzima, watu wakasema Eliezeri kabadilika, kawa mnyenyekevu, gari haijamharibu. Mpaka siku atakaposinzia. Au atakapocheka akageuka nyuma kumwambia mama yake jambo.

Ukungu umefika paa la kanisa. Yuditha anauliza kilomita gani hizo zinaandikwa kama barua. Nimesema nakuja.

Baba ametoka, amesimama mlangoni, kashika mwimo. Uso ameuelekeza huku kwenye gari. Mlango wa dereva wa gari hii unakwaruza kidogo ukifunguliwa, nimeahirisha kuupaka grisi tangu Januari. Wa upande wa pili hautoi sauti. Baba anajua hivyo. Kainamisha kichwa kidogo, anasubiri asikie ni nyayo za nani zitaufikia ule unaokwaruza, zangu au za Yuditha.