KAMATI YA TANGI LA SAMAKI, CHUMBA CHA WATOTO: KIKAO CHA TATU, KUHUSU SPONJI

TAREHE: Jumanne, tarehe 9
MAHALI: Chumba cha watoto, karakana ya kushona mashati, ghorofa ya chini
MUDA: Saa 7:15 mchana, watoto wakiwa wamelala

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti – mkuu wa meza ya kukata vitambaa
2. Bibi Mlezi – msimamizi wa chumba cha watoto
3. Fundi Bomba – fundi wa maji wa karakana, mfugaji wa samaki nyumbani kwake
4. Mama Usafi – mfanya usafi wa ghorofa ya chini
5. Katibu – mshonaji wa kola, mzazi

WASIOHUDHURIA
1. Mama Vifungo – mshonaji wa vifungo, mzazi (anaumwa jino)
2. Mlinzi wa lango – yuko zamu (ametuma salamu na kuuliza kama samaki wamefika)

KUMB. NA. 1/3: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwaomba wajumbe waseme kwa sauti ya chini, maana watoto kumi na wawili walikuwa wamelala kwenye mikeka nyuma ya pazia. Wajumbe walikaa kwenye viti vya watoto kwa kuwa vingine havipo. Mwenyekiti alijaribu kimoja, akaona ni heri asimame.

Fundi Bomba aliombwa aweke mkoba wake wa kazi mlangoni pamoja na mikoba mingine. Alikataa, akauweka katikati ya miguu yake. Mama Usafi aliomba iandikwe kwamba mkoba huo ulikuwa unadondosha maji sakafuni. Imeandikwa. Alipangusa.

KUMB. NA. 2/3: KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA PILI
Katibu alisoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Zilikubaliwa, isipokuwa Fundi Bomba alipinga pale palipoandikwa kwamba "alileta sponji chafu". Alisema sponji lile halikuwa chafu, lilikuwa limekomaa. Lilikaa miaka kumi na miwili ndani ya chujio la tangi lake la nyumbani, na limebeba vijidudu vizuri visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo ndivyo vinavyokula sumu inayotoka kwenye kinyesi cha samaki na chakula kinachooza. Tangi jipya halina vijidudu hivyo, ndiyo maana samaki wa tangi jipya hufa wakati maji yanang'aa kama kioo. Alitoa nusu ya sponji lake ili tangi la watoto lisianzie sifuri.

Katibu aliomba radhi. Neno "chafu" limefutwa, limeandikwa "lililokomaa".

Mama Usafi alisema, "Likomae lisikomae, lilikuwa linanuka." Mwenyekiti alimwomba asubiri zamu yake.

KUMB. NA. 3/3: HALI YA MAJI
Fundi Bomba alieleza kwamba leo ni siku ya ishirini na tatu tangu tangi lijazwe. Changarawe ilioshwa kwa maji matupu. Maji ya bomba yalitiwa dawa ya kuondoa klorini. Pampu inafanya kazi mchana na usiku, na majani ya majini yameshika mizizi. Kila asubuhi Bibi Mlezi hutia chembe chache za chakula cha samaki ingawa samaki hawapo, ili kioze kidogo na vile vijidudu vipate riziki.

Bibi Mlezi alithibitisha kwamba hajaruka hata siku moja. Aliongeza kwamba watoto humuuliza kila siku nani anakula, naye hana jibu. "Nimelea watoto wa watu miaka thelathini," alisema, "sijawahi kulisha asiyekuwepo."

Fundi Bomba alipima maji mbele ya wajumbe. Aliyatia kwenye kichupa, akadondosha matone manane ya dawa ya kupimia, na wajumbe wakangoja dakika tano. Yakiwa njano, maji ni salama. Yakigeuka kijani, kuna sumu.

Yaligeuka kijani. Katibu aliombwa aandike ni kijani cha namna gani, akaandika: kama uzi namba arobaini na moja.

Fundi Bomba alisema kwa sponji alilolitoa, maji yangepaswa kuwa njano tangu wiki iliyopita. Hajaona jambo kama hilo tangu aanze kufuga. Alisema mtu amefanya kitu. Alisema hivyo mara mbili. Mara ya pili alikuwa anaangalia sakafu, na Mama Usafi alikuwa anaipangusa tena kwa sababu ya ule mkoba.

KUMB. NA. 4/3: JUMAMOSI
Mwenyekiti alieleza kwamba Meneja anawaleta wanunuzi wa mashati Jumamosi hii, nao watapitishwa chumba cha watoto. Meneja amesema kama hadi siku hiyo tangi halina samaki, litahamishiwa mapokezi, ambako yuko mtu wa kulitunza. Kwa hiyo Mwenyekiti amekwishaagiza samaki wadogo ishirini, na muuzaji atawaleta Ijumaa jioni.

Bibi Mlezi aliuliza ni kikao gani kilichoamua hivyo. Mwenyekiti alijibu kwamba mambo mengine kiongozi hulazimika kuyafanya akiwa amesimama. Bibi Mlezi alimwambia, "Hata sasa umesimama, baba. Kaa kwanza." Mwenyekiti alikaa.

Fundi Bomba alisema samaki ishirini kwenye maji yale ni kuwaua. Ijumaa watatiwa, Jumamosi watacheza mbele ya wageni, Jumatatu watakuwa wanaelea. Mwenyekiti alisema hilo ni la Jumatatu. Fundi Bomba aliuliza nani atakuwa humu Jumatatu saa moja asubuhi watoto wakiingia.

Katibu aliomba kusema kama mzazi, na kwanza alitangaza kwamba binti yake wa miaka miwili na nusu yumo miongoni mwa waliolala. Alieleza kwamba tangu amlete hapa, miezi minne sasa, mtoto huyo alikuwa analia kila asubuhi na kila akiamka mchana, hadi anatapika, na kilio chake kinafika juu kwenye cherehani. Katibu ameharibu kola nyingi kwa sababu hiyo, na msimamizi wa washonaji anajua. Tangu pampu iwashwe, mtoto huenda kuangalia mapovu. Siku tatu sasa halii asubuhi. Kaambiwa samaki wanakuja, naye anawangoja. Katibu alisema tangi likiondoka hajui atamwambia nini, na samaki wakifa mbele yake ndiyo kabisa. Kama ni kuchagua kati ya hayo mawili, hajui achague lipi.

Bibi Mlezi alimpa Katibu kitambaa. Katibu aliendelea kuandika.

KUMB. NA. 5/3: SPONJI
Mama Usafi aliomba nafasi kabla hajaitwa. Alisema ni yeye. Alieleza kwamba siku ya pili baada ya sponji kuletwa alifungua chujio ili afute vumbi, akakuta kitu cheusi chenye utelezi ndani ya chombo cha watoto. Alilitoa sponji hilo, akalifua kwa sabuni ya unga maji matatu, akalianika kwenye kamba nyuma ya stoo, na jioni akalirudisha likiwa jeupe. Alidhani amesaidia. Kikao cha pili kilipoeleza maana ya sponji alielewa, akaogopa.

Fundi Bomba alisimama. Kwa sauti ya chini, kwa ajili ya watoto, alisema maneno ambayo Mwenyekiti ameagiza yasiandikwe. Yanayoweza kuandikwa ni haya: "Miaka kumi na miwili, mama! Miaka kumi na miwili umeianika kwenye kamba!"

Mama Usafi alijibu kwamba asimwinulie kidole. Aliwakumbusha wajumbe kwamba mwezi uliopita mtoto mmoja alitokwa na vipele, na kabla daktari hajasema ni joto, yeye alikuwa amekwishaandikiwa barua ya onyo kwa uchafu wa chumba hiki. Barua iko kwenye faili lake hadi leo. "Barua moja nyingine, narudishwa nyumbani," alisema. "Sasa ungekuwa wewe, Fundi, ukaona kitu cheusi kinateleza, ungekiacha?"

Mwenyekiti alikiri kwamba barua ile aliisaini yeye kama shahidi.

Bibi Mlezi alisema kamati ilieleza maana ya sponji siku kumi baada ya kulitia, na mtu hawezi kutunza asichoambiwa. Mwenyekiti alisema maji yakimwagika hayazoleki. Mama Usafi alisema, "Hayazoleki, lakini sakafu inapanguswa. Niambieni nifanye nini."

Aliulizwa Fundi Bomba kama anaweza kutoa kipande kingine. Alikaa. Kisha alifungua mkoba, akatoa mfuko wa plastiki uliojaa maji, na ndani yake sponji jingine, jeusi. Alisema ni nusu iliyobaki kwenye chujio lake. Alikuwa nalo tangu kikao kinafunguliwa. Wiki nzima alijua sponji limefuliwa, kwa sababu liligeuka jeupe na fundi wa maji si kipofu. Ila alitaka kwanza kusikia mtu akisema.

Mama Usafi alisema, "Mzee, umeniacha nipanguse maji yako muda wote huu." Fundi Bomba alijibu kwamba ndiyo, na kwamba amepangusa vizuri.

KUMB. NA. 6/3: MAAMUZI
(a) Sponji la pili lilitiwa ndani ya chujio saa 7:55 na Mama Usafi mwenyewe, kwa mkono usio na sabuni, Fundi Bomba akimwelekeza. Kuanzia sasa chujio lipo chini ya ulinzi wa Mama Usafi. Litasuuzwa tu likiziba, ndani ya ndoo ya maji yaliyochotwa kwenye tangi lenyewe. Asiyekuwa yeye asilifungue, hata Meneja.

(b) Maji yatapimwa kila siku. Samaki hawataingia mpaka yawe njano siku tatu mfululizo. Fundi Bomba alikadiria siku kumi. Wataanza wanne, si ishirini.

(c) Mwenyekiti atampigia muuzaji simu leo amwambie abaki na samaki wake.

(d) Kuhusu Jumamosi, kura zilipigwa kwa mikono. Wanne walikubali Meneja aambiwe kwamba samaki bado, na aombwe aliache tangi lilipo. Mwenyekiti hakunyoosha. Aliulizwa nani aende kumwambia. Mama Usafi alijitolea, kwa kuwa mkono uliofua sponji ulikuwa wake. Mwenyekiti alisema, "Wewe una barua moja, dada. Mimi sina hata moja. Nitaenda mimi." Aliongeza kwamba Jumamosi atasimama kando ya tangi na kuwaeleza wageni kwa nini halina samaki, na kwamba Fundi amwandikie maelezo hayo kwenye karatasi kwa maneno mafupi. Aliomba iandikwe kwamba kura zimekuwa tano. Imeandikwa.

KUMB. NA. 7/3: MENGINEYO
Bibi Mlezi aliomba kujua awajibu nini watoto wakiuliza nani anakula. Fundi Bomba alisema awaambie ukweli, kwamba wapo wanaokula, ni wadogo mno hawaonekani, na wanawaandalia samaki nyumba. Bibi Mlezi alisema hilo ataliweza.

KUFUNGA
Mwenyekiti alikuwa anawashukuru wajumbe pale pazia liliposogea. Mtoto wa kwanza alikuwa ameamka, wa Katibu. Alipita katikati ya viti akivuta shuka lake, akaenda akaweka mkono kwenye kioo, akauliza, "Bado?"

Fundi Bomba alijibu kwa niaba ya kamati: "Bado, mama. Lakini maji yanajiandaa."

Mtoto alikaa chini kungoja. Hakulia. Kikao kilifungwa saa 8:10 mchana na Katibu alirudi kwenye cherehani.

................................
MWENYEKITI

................................
KATIBU