Hapa Kwetu Hatuna Walemavu

Kaaga, Meru

Kwa Baba yangu Mwalimu, Karurumo,

Nakusalimu wewe pamoja na Mama. Natumaini kifua chake kimetulia sasa jua limerudi, na kwamba yule ng'ombe mweusi amezaa salama. Mimi mwili ni mzima. Tulipoongea kwa simu Jumapili ulisikia nusu, na hiyo nusu ukaigeuza. Nilikuambia nimechukizwa na kazi, wewe ukasikia nimechukuliwa kazi, ukanipa hongera. Basi nimeona niandike. Soma polepole ukiwa na miwani yako, na tafadhali usiiache katikati.

Unajua kazi yangu. Tunazunguka vijijini kuhakikisha kwamba wanaolipwa pesa za serikali za walemavu na wagonjwa wasiojiweza ni watu wanaostahili. Miaka ya kwanza hakuna aliyezitaka. Tulikuwa tunabembeleza watu, wengine wakisema ni pesa za shetani, ukizipokea unaandikwa jina mahali pabaya. Kisha waliotangulia wakaonekana wamenunua mbuzi, wameezeka mabati, na mambo yakabadilika. Lakini hayakubadilika sawa kila mahali.

Upande wa Muthara kuna lokesheni mbili, yaani kata mbili, ambazo majina yake nitayaficha. Zimetenganishwa na kijito unachoweza kukiruka kama umevaa suruali. Mvua yao ni moja, udongo ni mmoja, wanaoana, wanazikana. Ng'ambo ya huku wanaodai pesa wameongezeka kila mwaka, hadi mgeni angedhani kulipita vita. Ng'ambo ya pili, tangu mpango uanze, hajajitokeza hata mtu mmoja. Hata mmoja, Baba.

Mkubwa wangu ofisini alikuwa na jibu lake tayari. "Hawa ni wavivu, wale ni wachapa kazi," akaniambia. "Nenda utuletee ushahidi."

"Ushahidi wa nini, bwana?"

"Wa hayo nimekuambia."

Nikaenda. Niliposhuka Muthara asubuhi nikafuata njia ya miguu katikati ya mashamba ya miraa, na mbele kidogo nikapotea. Juu ya mti mmoja mrefu kulikuwa na mwanamume anavuna huku akiimba nyimbo za kanisa. Nikamuuliza baraza ya naibu wa chifu iko wapi. Akashuka mbio, miguu mitupu, akaweka furushi lake begani na kunisindikiza hadi penye njia panda. "Ni pale kwa bati nyekundu, madam," akasema. "Tutaonana huko." Nikamwona mtu muungwana sana.

Barazani watu walikuwa wamejaa. Naibu wa chifu, mtu mnene mwenye sweta la kijani, alinipa kiti na soda, akaanza kuita majina. Wa kwanza aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akisukumwa na vijana wawili. Mama mmoja, blanketi magotini, kichwa kimeinama. Akajibu kwa sauti ya kufa, akarudishwa nyuma ya jengo. Akaletwa wa pili, mzee, naye kwa kiti cha magurudumu na blanketi. Nikafurahi moyoni kwamba watu hawa angalau wamepata viti. Kisha nikatazama vizuri. Gurudumu la kushoto lilikuwa likilia kama kifaranga, na kwenye mpini kulikuwa kumefungwa kitambaa cha manjano. Kilikuwa ni kiti kile kile. Kilipelekwa nyuma ya jengo kikabadilishwa mtu.

Wa tatu kuletwa kwenye kiti hicho alikuwa yule wa mti wa miraa.

"Jina?"

"Mutuma."

"Shida yako ni gani, Mutuma?"

"Ni miguu, madam. Hii miguu haijawahi fanya kazi tangu nizaliwe."

"Asubuhi ulikuwa juu ya mti."

Baraza yote ikacheka, na Mutuma mwenyewe akacheka, akipiga hayo magoti yake yasiyofanya kazi. Kicheko hicho ndicho kilichonichukiza. Kama wangeona aibu, au wangenikasirikia, ningevumilia. Lakini walicheka kama watu waliokamatwa wakicheza karata.

Naibu akaniinamia sikioni. "Madam, usikasirike. Ni pesa ya serikali, si ya mama yako."

Nikasimama, nikauliza kwa sauti, "Kiti hiki ni cha nani?"

Niliuliza tena. Mwishowe mama mmoja aliyekuwa ameketi pembeni na beseni lake la ndizi akasema bila kuniangalia, "Ni cha Kendi." Akaelekeza kwa kidevu, kule chini.

Nilimkuta Kendi peke yake nyumbani kwao, ameketi juu ya gunia kando ya mlango wa jikoni, anachambua maharagwe. Ni msichana wa umri wangu hivi, uso mpana, sauti nzito. Miguu yake ni myembamba kama mikono yangu. Nikamweleza mimi ni nani.

"Umekosa kuniona huko," akasema. "Kiti changu kimeenda barazani. Mimi mwenyewe sijawahi fika."

Kiti alikipata kwa watu wa kanisa. Kila siku ya ukaguzi naibu huja kukichukua, na baba yake Kendi hupewa kitu kidogo cha kukikodisha. Kendi alipoomba jina lake nalo liandikwe, naibu alimwambia kwao tayari wanafaidika na kiti, asiwe na tamaa. Baba yake aliona ni maneno ya haki.

Kulikuwa na birika la chai kando yake, limejaa. Nikamwambia anywe, inapoa.

"Siku ya baraza sinywi."

"Kwa nini?"

Akaniangalia kama anayemwonea huruma mtoto. "Nikikunywa, nitafikaje huko nyuma ya nyumba bila kiti?"

Baba, nilirudi barazani. Mutuma alikuwa bado ameketi kwenye kiti, anaongea na wenzake. Nikamwambia asimame. Akasimama. Nikaanza kukisukuma kiti, kikakwama kwenye mtaro. Mutuma akaja, akasema, "Wacha nikusaidie, madam," akakiinua chote akakibeba kichwani hadi kwa Kendi, akiniuliza njiani kama nimeolewa. Alikiweka chini taratibu kabisa. Akamsalimia Kendi kwa jina, akarudi zake. Hakuona kitu kibaya alichokuwa amefanya. Ningetaka nikuambie ni mtu mbaya, lakini ni mtu mzuri aliyezoea uchafu.

Siku iliyofuata nikavuka kijito. Nilikuwa na hamu ya kuona mahali pasafi, na kwa macho palikuwa pasafi kweli. Matuta yamelimwa sawasawa, nyua zimepogolewa, kanisa limepakwa rangi. Mzee wa kanisa alinipokea nyumbani kwake kwa heshima nyingi. Mkewe akaleta nduma za kuchemsha na chai ya maziwa.

Nikamuuliza mbona hawaji kujiandikisha.

"Madam," akasema, akinyoosha mgongo, "hapa kwetu hatuna walemavu. Watu wa hapa wanafanya kazi. Hao wa ng'ambo ndio wamezoea kunyoosha mkono."

Wakati anasema hivyo, kwenye stoo iliyo nyuma ya ukuta kitu kilianza kugonga. Polepole, kama sufuria inagongwa kwenye ubao. Kikaacha. Kikaanza tena.

"Ni mbuzi," akasema mzee, akaniongezea chai.

Mkewe alikuwa ameangalia sakafu. Kugonga kukaendelea. Ndipo yule mama akaweka kikombe chake chini, akainuka bila neno, akatoka nje. Nikasikia komeo likivutwa. Nikamfuata.

Ndani ya stoo, kati ya magunia, kulikuwa na mwanamume mzima mwenye ndevu zenye mvi, ameketi, mkono mmoja umekunjamana kifuani, mwingine umeshika sufuria. Harufu siwezi kukuandikia. Mwanga ulipomfikia alifunga macho, akakunja uso, halafu akacheka.

"Huyu anaitwa Murithi," mama akasema. "Ndiye kifungua mimba wangu." Kisha akamgeukia mumewe aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akamwambia kwa Kimeru maneno niliyoelewa ingawa lugha yao si yetu: "Sasa ameonekana. Utafanya nini?"

Mzee hakufanya kitu. Alirudi ndani kumalizia chai yake. Mimi yangu sikuimalizia.

Baba, hapa ndipo ninapokuomba usiiweke barua hii kando. Sauti ile ya sufuria niliijua kabla mlango haujafunguliwa. Nimekua nikiisikia. Kila wageni walipokuja kwetu, wakaguzi wa shule, mchungaji, wachumba wa dada zangu, ndugu yetu Mugendi aliingizwa kwenye stoo ya kahawa, na sisi tukafundishwa kuongea kwa sauti ili asisikike. Uliposherehekea kustaafu ulisimama mbele ya walimu wenzako ukamshukuru Mungu kwa watoto wanne. Tuko watano. Niliangalia uso wa Mama siku ile, na wewe hukuuangalia. Barua zako zote zinanipa habari za ng'ombe, za kahawa, za nani ameaga na nani ameoa. Mugendi hayumo.

Na Krismasi iliyopita, mezani, uliniambia kwa fahari kwamba watu wa Karurumo hawaombi pesa za walemavu kama hao wenu wa Meru. Niliona ni utani. Sasa nimeona mambo yote mawili kwa macho yangu, na nakuambia sioni tofauti ya kujivunia. Ng'ambo ya huku wamemnyang'anya mlemavu kiti, ng'ambo ile wamemnyang'anya jua. Wale wanaitwa wavivu, hawa wanaitwa watu wa heshima. Kwangu wote wananuka vilevile.

Niliporudi ofisini mkubwa alitaka niandike yale aliyonituma. Nikaandika niliyoyaona. Akasoma, akaguna, akasema nimekuwa mgumu siku hizi. Kisha akachukua kalamu na kufuta majina ya ng'ambo ya huku kwa wingi bila kuangalia nani ni nani, na humo najua wamo wagonjwa wa kweli. Nimewafuata mmoja mmoja kuwarudisha, na wengine bado. Naibu wa chifu yuko kazini kwake, sweta lile lile. Mutuma hapokei tena, na tukikutana sokoni hunisalimia kwa furaha. Kendi ameandikwa. Alikuja mwenyewe kwa kiti chake, na alipofika mbele ya meza alikunywa chai yetu vikombe viwili akiniangalia machoni.

Na yule mama wa ng'ambo ya pili alikuja mjini Meru na Murithi, bila mumewe, nyuma ya pikapu ya kabeji. Alimkalisha nje ya ofisi yetu kwenye jua. Watu walimpita, wengine wakamsalimia, na yeye akawa anageuza kichwa kwa kila gari. Mama yake akaniambia, "Nilidhani watu watakufa kwa kumwona. Hakuna hata aliyesimama." Halafu akalia, nami nikalia pamoja naye pale nje ya ofisi, nikiwa na kadi ya ofisi shingoni.

Sasa sikia. Nimeongea na daktari wa Embu anayepima watu wa mpango huu. Nitafika Karurumo shule zikifungwa, na kesho yake nitampeleka Mugendi. Mama anajua na amekubali. Usimlaumu, mimi ndiye niliyempigia simu. Pesa hizo ni kidogo na wewe huzihitaji, najua utasema hivyo. Sizitaki kwa ajili yako. Nataka mahali fulani paandikwe kwamba Mugendi yupo.

Nisalimie Shangazi mwenye duka la mbegu, umwambie dawa ya kuku aliyoniagiza nimeipata. Nisalimie dada yangu anayefundisha Runyenjes na mumewe. Kaka mkubwa umwambie aache kunitafutia mchumba. Jirani yetu wa mashine ya posho naye nampa pole za msiba. Mama mpe mkono wangu, uushike kidogo.

Tukitoka nyumbani siku hiyo hatutapita njia ya shambani. Tutapita barabara kubwa, mbele ya maduka, saa za soko, Mugendi akiwa amevaa shati jipya nililomnunulia. Watu watauliza huyu ni nani. Nitawajibu ni mtoto wa Mwalimu. Lakini Baba, ningependa sana watu hao wakuulize wewe, ukiwa unatembea kando yake.

Ni mimi binti yako, ninayekupenda hata leo nikiwa na hasira,

Wawira