Uso wa Jémima, Nusu kwa Nusu

Kolwezi, siku ya ine ya juma

Kwa mudogo wangu Bilonda, kule Likasi,

Moyo webe, salamu ya kwetu, mutoto wa mama. Moyo kwa Tata Mpoyi bwana yako na mugongo yake yenye kumusumbua, moyo kwa batoto na bajukuu bote. Unaamuka namna gani huko? Unalala? Unakula? Kama goti lingali linavimba, acha kubeba ndoo ya maji sawa musichana, umeshapata miaka ya kutosha kuwa na akili. Mi niko. Mwili iko muzima, Mungu asifiwe, lakini roho haiko ndani yake.

Usishangae kuona barua. Simu iko, lakini unajua masikio yangu: nikipiga simu ninalalamika mpaka lupango yote, kiwanja na majirani, inasikia, na haya maneno hayafai kusikiwa mu hii nyumba. Nimemupa Tshimanga, shoferi wa bisi, aiweke mu mukono yako wewe mwenyewe. Mi niliishia darasa la ine kwa masista, wewe hata pale haukufika, basi usicheke mwandiko wangu.

Unajua tulikuwa mu matayarisho ya ndoa ya Jémima, mutoto wa marehemu binti yangu Kanku. Mali ya mahari ililipwa yote mwezi wa tano, tulikula mbuzi, ukacheza mpaka kiatu ikakatika. Muchumba njo yule Louis, kijana wa Kasai kama sisi. Mi sikumukubali bure. Bwana yangu alikuwaka mufanyakazi wa mugodi ya kampuni mwenye kitambulisho na posho, sikuweza kutoa mujukuu wangu kwa mutu wa kuingia mu mashimo sawa panya. Nilimukalisha hapa, nikamuambia achague: shimo ao Jémima. Akaapa mbele ya picha ya marehemu bwana yangu kwamba ameacha kuchimba, kwamba sasa anauzisha tu mifuko ya madini ya benzake kwa banunuzi. Nikapokea.

Ikabakia uso. Ndiyo, Bilonda, uso! Hii nyumba iligombana siku nyingi juu ya uso ya bibi-harusi. Jémima alitaka Marlène, yule binti aliyerudi toka Lubumbashi na machine ya kupuliza maquillage, rangi ya uso. Iko kitu kidogo chenye kulia sawa nzi mu chupa, na mupira, na ku mwisho kalamu yenye kutema rangi, kama bale ba garage benye kupaka magari yaliyogongwa. Nilimuambia yeye haiko taksi. Akanijibu kwamba poda ya mikono inatoka majivu ku photo, inayeyuka na jasho, na bibi-harusi akilia inatelemuka mpaka ku shingo. Ya machine haisogei hata alie mpaka siku ya Mungu. Nikamuambia pale njo kuna zambi. Binti akitoka kwao lazima alie, na lazima ionekane. Kama machozi inapita juu ya uso sawa mvua juu ya bati, bakwe batasema kwao hakukuwa mutu wa kuhuzunikia.

Mi nilitaka Mama Domitille, mwenye kupamba mabibi-harusi ba parokia yetu toka Marlène hajaota meno. Yeye anapaka na vidole, na akiwa anapaka anamuambia binti maneno ya ndoa, ile machine haijui. Jémima akasema maneno ya Domitille ameshasikia yote, na vidole vyake vinanukia samaki ya kukauka. Domitille alikuwa ku mulango. Akasema heri samaki, kuliko kunukia rangi ya karosri ya gari.

Louis akashika upande ya muchumba wake. Juu courant, umeme, inakatika kila saa, akanisukuma nikodi groupe, ile machine kubwa ya kutoa courant, mpaka siku ya posho, siku ya sita, siku ya ndoa yenyewe.

Siku ya pili ya hii juma nikakata kesi. Nikasema tujaribu: Marlène achukue nusu ya kushoto, Domitille nusu ya kuume, na banamuke baamue. Groupe ikangurumia mu kiwanja, banamuke bakajaa ku dirisha. Bilonda, ungeona! Upande ya kushoto ilitoka laini sawa sahani mupya. Upande ya kuume alikuwa mutoto wetu, na kale kakovu kake juu ya jicho. Jirani yangu Fifi akaamua kwamba kushoto ni ya photo, kuume ni ya bwana. Tukacheka mpaka Domitille akashindwa kushika sponji. Nataka ujue kwamba tulicheka.

Pale njo Dimitri akaingia, mwenye kuchimba pamoja na Louis zamani, matope mpaka mu nywele. Hata moyo hakutoa, hata salamu. Akasema amekuja juu ya groupe. Mvua ya usiku imebomoa mulango ya shimo moja kule Kasulo, mutaa wa bachimbaji, mu lupango ya nyumba ya Tata Ntambwe, batu bako chini, bazima, sauti zao zinapanda mu mupira ya hewa. Lakini machine yenye kubapulizia hewa imekosa courant, groupe yao imekufa na maji. Marlène, na kalamu yake mu mukono, akaomba bangoje kidogo, imebakia shingo tu. Mi nikauliza nani bako chini. Dimitri akamuangalia Jémima.

Mi niko muzee, siko mujinga. Niling'oa kamba ya courant mi mwenyewe. Ile nzi ya Marlène ikanyamaza, nikabaambia babebe groupe. Na Jémima hakuuliza kitu. Hakuuliza, juu alijua! Louis hakuachaka shimo hata juma moja. Kasulo yote ilijua, Fifi alijua, mi peke yangu njo nilikuwa ninalishwa uongo wa banunuzi. Ningemupiga kofi, lakini ningepiga upande gani?

Toka pale, bachimbaji banatoboa toka upande, na majembe, na groupe inapuliza. Jémima amekaa ku mulango wangu juu ya mukeka, na ule uso nusu kwa nusu. Amekataa kunawa. Anasema Louis atatoka na atachagua mwenyewe, juu yeye njo ataangalia huu uso maisha yake yote. Upande ya Marlène iko vilevile. Ya Domitille yote imeshatelemuka ku kidevu. Analia na macho yote mawili, lakini upande mumoja tu njo unasema.

Na mama ya Louis amefika toka Kananga juu ya ndoa. Alimuangalia mukwe wake mwenye hajanawa, akasema polepole kwamba ni muzuri, mutoto ameshajua kukaa. Umesikia? Mujane njo hanawi. Mali ililipwa, kwao ni muke yao tayari. Watamukalisha chini, watamunyoa, juu ya bwana mwenye Jémima hajamupikia hata bukari, hata ugali moja. Nikimunawisha kwa nguvu, nimemuambia kwamba mwenye kuchagua hatakuja. Nikimuacha hivyo, nimemufanya mujane na mukono yangu. Nifanye nini, Bilonda? Nimezoea kuamuru batu. Sasa sina la kuamuru.

Sasa neno lenyewe. Jana Dimitri aliingia mu jiko peke yake. Akaniambia toka asubuhi banaita mu mupira, hapana mutu anajibu. Akasema labda matope imeziba, labda bamehamia mu njia ingine ya chini. Kinywa ilisema labda, macho hapana. Benzake banataka kuzima groupe bairudishe. Nikamuambia nimeikodi mi, mpaka siku ya posho, na mutu asiiguse. Ipulize. Unajua tunakaa nyuma tu ya Kasulo: tunaisikia toka hapa. Jémima akiisikia anakula matonge mawili. Siku itanyamaza, hakutakuwa lazima ya kumuambia kitu. Hata padri sijamuambia. Ninamudanganya mutoto wa Kanku na makelele ya machine, na ninaomba Mungu ayafanye yawe kweli.

Dimitri ninaweza kumuamuru. Mwenye groupe hapana; atakuja kuichukua siku ya posho jioni. Basi chukua bisi ya kesho asubuhi. Sikuiti juu ya mashauri, mashauri yako haijanisaidiaka. Nataka mukono ingine ya kumushika upande ya pili. Kuja na kikwembe, kitenge ya ndoa, ile tulinunua sawasawa. Ile nyeusi uiache kwako. Nikiikuta mu mufuko wako nitaichoma ku mbabula, jiko ya makaa, mbele ya macho yako.

Nisalimie bote, lakini usibaambie. Mungu akushike mu njia. Mi ninaandika, nayo groupe ingali inapuliza.

Yaya yako,
Mbelu