Mpaka Kahawa Ilipwe

Mbinga Mjini
4 Julai 1995

Baba, shikamoo.

Mimi na mjukuu wako Beata tunaamka salama. Mguu wako unaendeleaje? Usipa, dagaa wako wa ziwani, tumeupokea kwa dereva wa lori, hauna mchanga hata chembe. Othmar angeunusa kwanza, kama kawaida yake, halafu aseme, "Huu kaanika baba mwenyewe."

Baba, nina shida. Mzee Hyasinti, mwenye nyumba, anataka tuhame mwisho wa mwezi. Kuna kampuni ya kununua kahawa inakitaka chumba chetu, kwa kuwa kiko barabarani, iweke mizani na magunia. Nikamwambia marehemu mume wangu alilipa kodi yote kabla hajaugua, na muda haujaisha. Akacheka kwa upole. Si mtu mbaya.

"Mama Beata, tulipatana mpaka kahawa ilipwe. Mimi nimelipwa jana, taslimu, palepale kwenye mizani. Unangoja kahawa ipi?"

Mwezi Septemba Beata anafanya mtihani wa darasa la saba. Nikitoka hapa nitakwenda kwa dada Albina, Mkumbi, na kutoka kule mtoto hawezi kwenda shule ya mjini na kurudi. Nahitaji chumba hiki mpaka mtihani tu.

Siku ile wanapatana ulikuwepo. Naomba uandike ulichosikia, nimpelekee mwenyekiti wa mtaa.

Ni mimi mwanao,
Tadea


Lundo
16 Julai 1995

Mwanangu Tadea,

Marahaba. Sisi tupo. Mguu bado umevimba, kiatu hakiingii, ndiyo maana siji mwenyewe kupanda milima hiyo.

Karatasi ya mwenyekiti nimeiweka humu ndani. Nimeandika kweli tupu. Tulikaa barazani kwenu, Othmar ana chaki yake ya ufundi nyuma ya sikio. Hyasinti akauliza, "Mpaka lini, fundi?" Mwanangu akajibu, "Mpaka kahawa ilipwe." Wakashikana mikono, na wewe ukatuletea togwa.

Maneno ni hayohayo, sikuongeza kitu. Kila mtu anajua kahawa huhesabiwa imelipwa chama cha ushirika kinapotoa malipo ya mwisho, karibu na Krismasi, pengine hata baadaye. Mwenyekiti ataelewa. Beata asome bila wasiwasi.

Baba yako,
Elias


Mbinga Mjini
30 Julai 1995

Baba, shikamoo.

Natumaini uvimbe umepungua. Sisi hatuumwi.

Mwenyekiti alisoma karatasi yako kwa sauti mbele ya wazee. Alipofika kwenye maneno ya Othmar, Mzee Hyasinti akapiga makofi. "Mnasikia? Hata baba mkwe wake ni shahidi wangu!" Watu wakacheka, na mimi nikajikuta nacheka nao, sijui kwa nini.

Nikasema marehemu alimaanisha malipo ya mwisho ya chama. Mzee Hyasinti akanigeukia.

"Chama gani tena, mama? Mwaka huu nani mtaani hapa kapeleka kahawa chama?"

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Mwenyekiti akasema kodi iliyolipwa inanipa haki ya kukaa mpaka muda tuliopatana. Lakini muda wenyewe, akasema, umeshafika. Tulipotoka, mzee mmoja akaninong'oneza kwamba Songea kuna baraza la nyumba, na mpangaji hatolewi hivihivi bila notisi. Nikamwuliza huko watataka nini kwangu. "Tarehe ya mwisho mliyopatana," akasema.

Tarehe sina, baba. Nina kahawa tu.

Mwanao,
Tadea


Lundo
12 Agosti 1995

Mwanangu Tadea,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Ningeandika "Krismasi" tu, neno moja, mngelala kwenu bila wasiwasi. Nilidhani nikiyaweka maneno ya mwanangu kama yalivyo, ndiyo namtetea.

Nimeandika karatasi nyingine. Humu nimesema alitaja Krismasi. Mpelekee mwenyekiti upesi, wala usihame mpaka aisome.

Baba yako,
Elias


Mkumbi
3 Septemba 1995

Baba, shikamoo.

Nakuandikia kutoka kwa dada Albina. Barua yako ilifika Mbinga tumeshahama. Beata ndiye aliyenipa, Jumapili baada ya misa ya mjini.

Analala kwa Mzee Hyasinti, pamoja na binti zake. Mama Avelina, mkewe, alisema mtoto asikose mtihani kwa ajili ya magunia. Akitoka shule anachambua kahawa nao. Hilo hatukupatana, lakini ningesema nini, na anakula kwao? Alisinzia mahubiri yote, kichwa kwenye bega langu.

"Unasoma, mama?" nikamwuliza.

"Mafuta ya taa yakibaki."

Chumba chetu kimejaa magunia mpaka dirishani.

Karatasi ya pili sikuipeleka. Nimeitia motoni, unisamehe. Othmar hakusema Krismasi. Maneno yake yaliyobaki ni machache, nayataka kama yalivyo.

Usijilaumu, baba. Mtihani ni Jumatano. Nilitaka nimwamshe mimi siku hiyo, nimchemshie uji. Ataamshwa na mwingine.

Mwanao,
Tadea