Kipande cha Mzee Kalume

Likoni, Jumamosi. Mawingu yametanda tangu alfajiri na mvua hainyeshi.

Wewe uliyefungua daftari hili, nakusihi kwa jina la Mungu, usimwambie mtu hata neno moja. Nina miezi saba tu kazini.

Leo tajiri wetu amemfukuza Mzee Kalume, mtunza bustani aliyekaa naye muda mrefu kuliko sote. Ukoka tuliopanda kwa mteja kule Port Reitz umekauka, umekuwa na rangi ya mkeka mkuukuu. Tajiri hakumwuliza kitu. Aliniambia mimi, karani, niandike kwamba ni mzembe, na kipande chake, kile cheti cha kazi, kisitiwe sahihi mpaka apate adabu.

Bila sahihi hiyo hataajiriwa popote. Askari akimsimamisha njiani, ataonekana ametoroka kazini.

Kalume si mzembe. Alimwagilia asubuhi na jioni. Kilichoua ukoka ni maji ya kisima cha karibu na mikoko, yana chumvi. Na aliyemwamuru achote hapo ni mimi. Niliona kisima cha juu ni mbali, nikaandika amri kwa mwandiko mzuri, nikajiona msomi.

Alinionya. "Karani, maji haya sisi hatuwapi hata kuku."

Nikamjibu kwamba imeshaandikwa.

Mchana amekuja mlangoni pa ofisi. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Nipe kipande changu nikatafute riziki."

"Tajiri hajatia sahihi, mzee."

"Basi mwambie ule ukoka ulikunywa ulichoandikiwa."

Wenzake waliokuwa nje wakacheka. Wote wanajua. Lakini mbele ya tajiri Kalume hakunitaja. Kwa nini? Ananihurumia, au anangoja niseme mwenyewe?

Nimeandika barua tatu. Ya kwanza inasema amri ilikosewa. Ya pili inasema vivyo hivyo, kwa maneno mengi zaidi. Ya tatu inasema ni mimi. Nikifukuzwa, na kipande changu nani atakitia sahihi?

Jumatatu nitaweka mezani ile ya tatu. Nadhani.

Ukinikosa ofisini siku hiyo, nenda Changamwe kwa shangazi yangu, nyumba ya mwisho kabla ya reli. Usibishe mlango wa mbele. Pitia upande wa jikoni, uniulizie polepole. Na kabla hujanipa habari nyingine yoyote, niambie kama Kalume amepata kipande chake.