Hedifoni za Upande Mmoja

Masasi,
Oktoba.

Kwako Dada Flora, Mama Anthony,

Shikamoo dada. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, na ni matumaini yangu kwamba karatasi hii itakukuta wewe, Shemeji Godfrey na Anthony mkiwa na afya huko Songea. Kile kikohozi cha Shemeji kimemwachia? Na Anthony, bado anayasukuma maharage pembeni ya sahani? Huku kwetu joto limeshaanza. Mikorosho ya mama pale Lulindi imezaa vizuri mwaka huu, mabibo ya kwanza yameanza kudondoka, na kila Jumatatu nakwenda kuokota mwenyewe. Kaburi lake nimelipalilia. Majani yalikuwa yameanza kupanda upande wa msalaba.

Najua utashangaa kupokea barua kwa mkono wa Mwalimu Petro wakati simu zipo. Lakini dada, tangu tulipomzika mama tumekuwa tunaongea kwenye simu kama watu waliokutana foleni ya benki. Salama, salama, haya, kwaheri. Kila nikitaka kusema zaidi nakuta umeshakata. Kwenye karatasi huwezi kunikatia. Nakuomba uisome hadi mwisho, hata kama mwanzoni utaona naandika mambo ya muziki tu.

Tangu Julai nafanya kazi na mtu anaitwa Ashiru, wa Newala. Ni mtu wa makamo, mpole, anayepiga muziki kwenye harusi na sherehe za mwali, kuanzia Newala mjini hadi vijijini huko juu. Nilianza kwa kumbebea spika na kukunja nyaya. Korosho zikishauzwa, sherehe zinakuwa nyingi mno, Jumamosi moja anaitwa huku na kule, naye ni mtu mmoja. Akaniambia nijifunze, ninunue vyombo vyangu, ili zile asizoziweza niende mimi.

Kichwani nilikuwa nimeshanunua spika. Nilizitaka zile kubwa kama kabati, zenye taa zinazobadilika rangi. Ashiru alicheka. Alisema spika zinakodishwa, hata jenereta inakodishwa, tena mara nyingi mwenye sherehe ndiye anayelipia. Cha kununua kwanza ni kile ambacho mkono na sikio la mtu lazima vikizoee. Alinitajia kompyuta, hata iliyotumika, mradi haizimiki ovyo. Halafu mashine ndogo ya kuchanganyia nyimbo, yenye sahani mbili za kuzungusha, moja kwa kila wimbo, na hedifoni nzuri zinazofunika sikio lote. Nyaya za akiba alizisema kwa ukali kidogo, maana ameshaona harusi ikikaa kimya kwa sababu ya waya mmoja. Alitaka pia niwe na kifaa cha kulinda umeme, kwa jinsi umeme wetu unavyoondoka na kurudi kwa kishindo. Na nikusanye nyimbo wanazozipenda watu wa hapa, zile ninazozipenda mimi nibaki nazo nyumbani.

Basi nikawa najifunza kwenye mashine yake, uani kwake. Kazi yenyewe, dada, iko hivi: wimbo mmoja unapigwa, watu wanacheza, na wewe huku unauandaa wa pili kwenye hedifoni. Sikio moja linasikiliza uwanja, sikio jingine linasikiliza wimbo unaokuja, hadi mapigo yaende pamoja, ndipo unauachia. Kwa Ashiru ilikuwa kama kupokezana mtoto. Kwangu nyimbo ziligongana. Kila siku. Naweka hedifoni sikio la kulia, kama nilivyozoea na simu, na uwanja wote unatoweka. Ashiru ananiuliza kwani sisikii ule wimbo unaopigwa, mimi nasema nausikia kwa mbali. Alidhani sitilii maanani. Mimi nilidhani sina kipaji, na nilikuwa nimeanza kufikiria kurudi shamba.

Akaniambia labda hedifoni zake zimechakaa, nikanunue zangu. Nikashuka Masasi, kwenye duka moja karibu na stendi. Muuzaji ni dada mmoja anaitwa Loveness, mvumilivu sana. Akanipa za kwanza, nikavaa, nikamwambia upande wa kushoto umekufa. Akatoa nyingine. Nazo hivyohivyo. Akafungua boksi jipya kabisa mbele yangu, na bado kushoto kimya. Nikaanza kulalamika juu ya bidhaa za siku hizi, wateja wengine wakawa wananiangalia. Loveness hakubishana. Alizivaa mwenyewe, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa mdundo. Kisha akazivua, akazigeuza, akanivalisha zimepinduka, ule upande niliosema umekufa ukawa kulia kwangu. Nikausikia wimbo wote, safi kabisa. Na kushoto hakukuwa na kitu.

Akapunguza sauti ya redio ya dukani, akaniuliza taratibu, “Kaka, umewahi kupimwa masikio?”

Niliona kama amenitukana. Nikatoka bila kununua chochote. Nikaenda kukaa kwenye benchi la stendi, nikasugua vidole karibu na sikio la kulia, nikausikia ule mkwaruzo. Nikasugua kushoto. Nikasugua tena, kwa nguvu. Watu walipita na mizigo yao, na mimi nimekaa pale nasugua vidole kama mtu anayehesabu hela ambazo hana.

Nilikwenda hospitali. Daktari aliweka vyombo vyake, akanipima kwa utulivu, akaniambia mshipa wa sikio la kushoto haufanyi kazi, na kwa anavyoona haujafanya kazi tangu nikiwa mdogo. Akaniuliza kama niliwahi kuugua matubwitubwi. Nikamwambia ndiyo, niliwahi, kabla sijaanza shule, na aliyenibeba mgongoni hadi zahanati alikuwa dada yangu. Akasema huenda yaliondoka nalo wakati ule. Nilimuuliza inawezekanaje mtu asijue kitu kama hicho miaka yote. Akasema ukikua na sikio moja, unadhani ndivyo kila mtu anavyosikia. Dawa hakuna.

Nilifikiria mengi njiani. Darasani nilikuwa nagombania dawati la upande wa dirishani, kushoto kabisa, nikidhani napenda upepo. Na wewe ulikuwa unaniita kutoka jikoni, nisipoitika unakuja na mwiko, unasema mtoto huyu ana kiburi, anasikia anachotaka. Sikulaumu. Hata mimi niliamini nina kiburi.

Kwa Ashiru nilikwenda kumuaga. Nilimweleza yote, nikamwambia nitaendelea kubeba spika kama atapenda. Yeye akaingia ndani, akarudi na pamba, akaliziba sikio lake la kushoto, akakaa kwenye mashine na kuanza kupiga. Nyimbo zikagongana. Nilitaka kucheka lakini uso wake haukuwa wa mzaha. Alishinda pale hadi jua likapungua, anajaribu hiki, anaacha, anajaribu kile. Mwishowe akagusa kitufe kimoja kidogo cha kuzungusha, pembeni ya tundu la hedifoni, ambacho hakuwahi kukitumia. Ukikizungusha hadi katikati, nyimbo zote mbili, ule wa uwanjani na ule unaokuja, zinaingia pamoja kwenye sikio moja. Akanivalisha hedifoni. Nikazisikia zikitembea pamoja, na nikauona mkono wangu ukijua cha kufanya.

Kwa hiyo vyombo nilivyonunua sivyo nilivyokuwa navitamani. Kulikuwa na mashine moja Newala, inang'aa, ina taa kila kona, lakini haina kile kitufe. Nikaiacha. Nimechukua nyeusi, ya kawaida kabisa, inacho. Nimechukua na spika moja ndogo ya kujisikilizia mwenyewe, naiweka kulia kwangu. Na hedifoni nilizirudia kwa Loveness, nikamwomba radhi. Alinichagulia zenye kikombe laini, kwa kuwa sikio la kulia ndilo litakalozibeba siku zote.

Sherehe yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa mwezi uliopita, harusi huko Chilangala. Nyimbo zilikwenda vizuri, akina mama walicheza hadi vumbi likapanda. Na sasa, dada, ndipo nafika kwenye lililonifanya niandike.

Mama Mdogo Bibiana alikuwepo, si unajua aliolewa kijiji kile. Alikuja nyuma ya meza yangu, upande wa kushoto, akaniita, akaniita tena. Sikugeuka. Alizunguka hadi mbele yangu, macho yamebadilika, akanivuta pembeni nilipokuwa nimeachia wimbo mrefu.

“Hata mimi unaninyamazia,” alisema. “Kama ulivyomnyamazia Flora siku ya mazishi.”

Nikamuuliza kwani Flora aliniambia nini. Alidhani namfanyia dharau nyingine. Ilibidi nimweleze habari za sikio palepale, muziki ukilia, na yeye akashika mdomo. Alikuwa amekaa nyuma yetu siku ile, kwenye benchi la pili, kwa hiyo alikusikia. Akanirudia maneno yako kama yalivyokuwa.

Dada, mimi nakumbuka kwaya ilikuwa imesimama kulia kwangu, inaimba. Wewe ulikuwa kushoto. Nilihisi bega lako likinigusa, nikadhani unalia. Sikujua kwamba unasema. Sikujua kwamba umeniuliza kama nitakusamehe kwa kungoja shule zifungwe ndipo uje, na mama hakungoja. Niliangalia mbele tu. Asubuhi yake nikaambiwa umeshapanda basi, nami nikasema moyoni kwamba umetukimbia tena.

Nisikudanganye. Nilikuwa na uchungu na wewe siku ile. Nilikuwa nimemuuguza mama peke yangu, nikimgeuza kitandani, nikimwambia kila asubuhi kwamba unakuja. Kama ningekusikia pale kanisani, sijui ningekujibu nini. Nadhani ningekujibu vibaya, na neno hilo ungelibeba hadi Songea, nami nisingeweza kulirudisha. Badala yake umebeba ukimya wangu miezi yote hii, na naona nao haukuwa mwepesi.

Jibu langu ni ndiyo. Nimekusamehe, dada, na uchungu ule nilishauacha kabla sijajua kwamba umeniuliza. Uliisha siku moja napalilia mikorosho, sikumbuki hata ilikuwaje, niliona tu sina tena hasira na mtu. Na mama hakuwahi kukulaumu. Alikuwa akiniuliza tu kama huko kwenu mvua zimenyesha.

Nisalimie Shemeji Godfrey, mwambie hayo makoti ya baridi asiyaache. Mwambie Anthony kwamba mjomba wake sasa anawachezesha watu wazima hadi wanavua viatu. Mama Mdogo Bibiana anakusalimu sana, na Ashiru pia anakusalimu ingawa hamjaonana. Shule zikifungwa Desemba njooni nyote Lulindi, chumba cha mama nimekipaka chokaa. Jioni tutakaa barazani, nawe utaniambia yote ambayo hukuyasema kwenye simu. Ila tafadhali, ukija, kaa kuliani kwangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Lameck