Hodi Kutoka Kwenye Keria

Mbalizi, 2 Mei 1974

Mama mpendwa,
Kamwene. Mguu wako umepoa? Mimi sijambo, ila baridi ya huku inauma masikio.

Nimepata kazi kwenye karakana mjini Mbeya! Msimamizi ameshasema, atakayechelewa asirudi. Basi la asubuhi halina uhakika, kwa hiyo nimenunua baiskeli kwa Pravin, mwenye duka la vipuri hapa. Ililetwa kutengenezwa, mwenyewe hakurudi kuichukua. Nimebadilisha mipira ya breki, nimetia mnyororo mafuta, nimefunga taa ya dainamo. Pampu na viraka ninavyo. Zimebaki glavu tu. Utanifumia?

Mwanao,
Yotamu

Mlandege, Iringa, 19 Mei 1974

Mwanangu Yotamu,
Kamwene. Mguu haujambo, mdomo ndio hauna dawa. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, darasa la watu wazima limenifaa.

Glavu hizo ni nyekundu, usizicheke, nataka madereva wakuone. Suruali ifunge kamba miguuni isije ikaliwa na mnyororo. Unywe uji kabla ya kutoka. Na huko uwe na adabu. Usiingie nyumba za watu kama unavyoingia kwangu, bila hodi, mkono tayari uko chunguni.

Mama yako

Mbalizi, 11 Juni 1974

Mama,
Kamwene. Glavu zimefika, zimenienea sawasawa. Ahsante. Afya ninayo, usingizi sina.

Kuna mteremko kabla ya daraja. Asubuhi ukungu unaficha hata tairi la mbele. Juzi hapo nikasikia nyuma yangu, karibu kabisa: "Hodi." Nami bila kufikiri nikajibu, "Karibu." Ndivyo ulivyonilea. Keria ikalia kama imekaliwa, baiskeli ikawa nzito. Nikageuka, hapakuwa na mtu. Uzito haukushuka mpaka lango la karakana.

Sasa kila asubuhi yupo. Nimekagua matairi na beringi, sioni kasoro. Nilipomuuliza Pravin baiskeli ilikuwa ya nani, alisema tu, "Usipakie mtu, bwana." Naogopa, mama. Lakini nikiiacha, kazi imekwenda.

Mwanao,
Yotamu

Mlandege, 24 Juni 1974

Yotamu,
Sikusalimu leo, umenikausha mate. Hodi isiyo na mlango unaijibia nini? Ungenyamaza!

Lakini umeshamkaribisha, huwezi kumfukuza. Mgeni tunamsindikiza. Muulize kwa adabu anakwenda wapi. Mfikishe huko, muage, baiskeli uiache hapo hapo, urudi kwa miguu. Kazi utapata nyingine. Mimi mwana mwingine sina.

Mama yako

Mbalizi, 8 Julai 1974

Mama,
Kamwene. Nimemuuliza.

Alisema, "Nakwenda kwa mama." Nikamuuliza, mama yako yuko wapi? Akajibu, "Mlandege. Yule aliyefuma hizo glavu." Na sauti yake, mama, imekuwa kama yangu.

Huko simleti. Nimeifungua keria na kumwachia Pravin. Najua ulisema niiache baiskeli, lakini msimamizi ameshanionya. Kesho nakwenda kazini kama kawaida. Bila keria atakaa wapi?

Mwanao,
Yotamu

Mlandege, 23 Julai 1974

Mwanangu Yotamu,
Kamwene. U mzima? Barua yako ya tarehe nane nimeipata. Tangu hapo, kimya.

Asubuhi hii ukungu umeshuka mpaka huku kwetu. Nilikuwa nakoroga uji nikasikia kengele ya baiskeli uani. Kisha, "Hodi, mama." Sauti ni yako. Hata kikohozi ni chako. Nilikaribia kuitikia, nikajiziba mdomo kwa khanga.

Nimechungulia dirishani. Mikono iliyoshika usukani imevaa glavu nyekundu. Uso siuoni kwa ukungu.

Yotamu wangu, tangu uanze kutembea hujawahi kupiga hodi kwenye nyumba hii. Naogopa kuitikia, na naogopa kukuacha nje na baridi yote hii. Nakuandikia, maana sijui niseme na nani. Amepiga hodi ya pili.

Mlango sijaufunga, mwanangu. Kama ni wewe, ingia tu.

Mama yako